Meza ya Watu Wawili

Uliagiza meza kwa sauti ya mtu anayenunua kiwanja:
ya watu wawili, mchangani, na mshumaa.
Kaggwa, mhudumu, akaandika kiganjani kwa kalamu,
mshumaa, akarudia, kana kwamba umetaka mbuzi mzima.

Nilivaa gauni la harusi ya dada yako,
lililokaa kabatini tangu kiuno changu kihame.
Wewe shati jipya, na kikaratasi cha bei
kikichungulia kwapani: elfu thelathini na tano.
Sikukwambia. Nilitaka kitu cha kucheka peke yangu
nikizeeka.

Tangu Nakiwogo, saa tatu na nusu kivukoni,
ulipakata begi kama trei ya mayai,
na kila mtu akatuita kwa cheo:
Nnalongo, kaa hapa. Ssalongo, angalia mguu.
Miaka tisa sasa sina jina,
nina pacha.

Jua la Kalangala lilizama nyuma ya michikichi
bila fujo, kama mgeni anayeujua mlango.
Ziwa halina chumvi; chumvi yote
mpishi alikuwa ameimwaga juu ya ngege wetu.
Tukanyamaza. Tumezoea kuongea
juu ya karo, na juu ya bomba la jikoni linalovuja,
na hapa hapakuwa na bomba.
Ukatazama mshumaa. Nikatazama mshumaa.
Ukasema, Upepo mzuri.
Nikasema, Ndiyo, mzuri.

Ndipo wakaja.
Kwanza nilidhani moshi, mtu anachoma takataka ng'ambo,
nguzo ya moshi ikitembea juu ya maji;
kisha nguzo ikauona mshumaa wetu
na ikaanguka.
Usubi! Usubi wa ziwani, maelfu kwa maelfu,
kwenye nywele, kwenye glasi, kwenye mchuzi,
mmoja ndani ya neno ulilokuwa unataka kusema.
Kaggwa akaja mbio akipiga makofi: Zimeni! Zimeni kila kitu!
Na hoteli nzima, taa baada ya taa, ikafumba macho.

Giza la kisiwani si giza la mgao wa umeme.
Halina jirani anayetukana, wala jenereta.
Lina harufu ya mawese na matope,
linakaa kiti cha tatu na haliagizi kitu.

Nikasikia vidole vyako sahanini.
Ulikuwa unatafuta miiba, mmoja mmoja,
kama mama yako anavyochambua mchele.
Fungua mdomo, ukasema.
Nami, karani mkuu wa manispaa,
ninayetia mihuri na kuwanyamazisha madiwani,
nikafungua mdomo gizani.
Mnofu wa shavu. Ulinipa shavu la samaki,
lile ambalo nyumbani Waiswa na Tenywa hulipigania
mpaka mmoja alie.

Kisha ukaliita
jina nililopewa Fort Portal kabla sijaota meno,
ulilojifunza kwa jasho, wewe mtoto wa Kamuli
ambako hakuna desturi ya majina ya kubembelezana,
ukalikosea mbele ya baba siku ya posa
naye akalipokea hivyo hivyo:
Abwooli.

Si kwa sauti. Kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani
kwenye mlango ambao huenda ulibadilishwa kitasa.

Simu ikawaka: Tenywa anauliza rimoti iko wapi.
Usubi waliuona ujumbe kabla yetu.
Ukaigeuza kifudifudi mchangani,
na kucheko letu likaenda mbali juu ya maji,
mbwa wa mtu akajibu.

Niuwashe tena? Kaggwa akauliza kutoka mahali fulani.
Hapana, tukasema, wote wawili, haraka mno.

Nilipoupitisha mkono chini ya kwapa lako
kidole kikakwaruza kikaratasi.
Najua kiko hapo, ukasema.
Nilikuacha tu ucheke.