Pua Bapa

Theluji imeziba dirisha la chini,
barabara ya Libby imefungwa tangu juzi,
nami nimeshuka ghalani na taa,
blanketi begani, birika la kahawa,
kumtengenezea baba risasi zake ishirini.

Ishirini tu. Zamani alijaza mia mbili
kabla ya baridi ya kwanza.
Sasa bega la kulia limelegea;
kiharusi kilihamia upande ule bila kubisha hodi.

Bunduki yenyewe ina umri kuliko nyumba.
Wenzo wake umelainishwa na mikono mitatu:
Torvald, aliyeinunua kwa ng'ombe mmoja na deni,
Agnes, aliyefukuzia dubu kwenye mizinga ya nyuki,
kisha Einar, baba, ambaye hajawahi kuiita silaha.
Humwita bibi.
"Mletee bibi koti lake," husema mvua ikianza.

Kiwanda kiliacha kupika chakula cha bibi
mwaka niliozaliwa. Ndiyo maana maganda
tunayaokota nyasini kwa magoti,
kama watu waliodondosha pete.
Kila moja nalipitisha mwangani:
hili shingo imepasuka, litupwe;
hili lina mstari unaong'aa karibu na kitako,
mwembamba kama unywele, litupwe;
hili limechakaa, lakini litasimama mara moja tena.
Nawajua watu wa namna hiyo.

Fataki kwanza. Kidole gumba kinasikia inapokaa.
Halafu mizani,
punje kwa punje, nikizuia pumzi,
maana pumzi nayo ina uzito.
Haba na haba hujaza kibaba, walisema;
hapa kibaba kikipita alama
mtu huacha jicho lake ghalani.

Leif, kaka yangu, alituma kisanduku kutoka Spokane:
risasi za ncha kali, nzuri, kama sindano za mshonaji.
"Zinakwenda mbali," aliandika.
Nimekirudisha rafuni.
Leif amelisahau bomba.
Chini ya mtutu zinalala foleni,
pua ya huyu mgongoni mwa yule,
na kila mgongo umebeba fataki.
Bunduki ikiruka, ncha kali ni neno kali:
la nyuma linamchoma wa mbele,
na nyumba nzima inawaka
kabla yeyote hajalenga.

Sisi tulikaa hivyo miaka minane,
baba, Leif, mimi, na kiti cha mama.
Sijui nani alianza.

Basi natumia nilizomimina mwenyewe,
pua bapa kama ya ndama,
laini, nzito, za polepole.
Haziendi mbali.
Baba naye haendi mbali:
hadi kigogo cha ukingoni mwa shamba,
akae, amsubiri kulungu ambaye labda hatampiga.

Nabana mdomo wa ganda uishike risasi,
isije ikasukumwa ndani na wenzake.

Daftari lake liko hapa, jalada limelowa mafuta.
Tarehe, punje, upepo, kisha neno moja.
"Kali."
"Kali mno."
"Mama kalalamika."
Ukurasa wa mwisho, kwa mkono wa kushoto,
herufi zimelala kama uzio uliochoka:
"Punguza. Inatosha."

Nimepunguza, baba,
hadi mstari wa chini kabisa wa kitabu,
wala si chini ya hapo;
kupunguza nako kuna mpaka wake,
ulinifundisha mwenyewe
siku uliyonizuia nisimwandikie Leif barua fupi.

Kumi na tisa zimesimama kibaoni.
Ya ishirini imeniponyoka,
imeviringika chini ya benchi, gizani.
Juu, fimbo inagonga sakafu mara mbili:
anataka kahawa, au simu imelia.

Nakuja, nasema,
nikipiga magoti na taa.