Ishara za Nshan

Gyumri, nyuma ya kanisa la mawe meusi,
jiko la chuma linakohoa, vioo vimeganda.
Kasisi, Ter Ghevond, amenipa karatasi:
sifa za Mungu, zimepangwa
kama bei za duka la dawa.
"Wafundishe, Haykanush, kabla ya Pasaka."
Wanafunzi wangu saba, wote viziwi.

Nikaanza na nyepesi. *Yupo mahali pote.*
Mikono yangu ikazunguka: dari, sakafu, mlango, theluji.
Nshan, miaka tisa, akatikisa kichwa.
Akavua glavu, akapulizia kiganja pumzi,
akakifumba, akaniletea nishike.
Ngumi ilikuwa na joto.

*Habadiliki.*
Hapo nikakwama, maana huu ni mji
ambao ardhi yake iliwahi kujikung'uta kama mbwa aliyelowa,
na bibi yake, Zaruhi, hadi leo
hulala viatu vikiwa mlangoni, pua zikielekea nje.
Nshan akasimamisha kidole kimoja,
mkono wa pili ukakipita, ukakipita, ukakipita.
Ni mwamba mtoni? nikauliza.
Siyo. Ni bibi, akajibu,
ananingoja getini, magari yanapita.

*Anajua yote.* Akagusa nyusi yangu:
hata mimi najua umekasirika
kabla mikono yako haijaanza.

*Hana mwanzo.* Wakacheka wote.
Arusyak mdogo akauliza, sasa nani alimfundisha kufunga kamba za viatu?
Sikuwa na jibu. Tukala mkate.

Kisha ile niliyoiogopa tangu usiku:
*Asikiaye.*
Nikapeleka kidole sikioni, polepole,
kama mtu anayeingia na matope nyumba iliyopigwa deki.
Saba wakanitazama.
Nshan akasimama, akakishika kidole changu,
akakiondoa sikioni, akakiweka chini ya jicho.
Mtu akitaka kunisikia mimi, akasema,
lazima anigeuzie uso.
Mama akigeukia sufuria, nimenyamazishwa.
Basi kama Mungu ananisikia siku zote,
hajawahi kunipa kisogo.
Hata mara moja. Hata akipika.

Nilisoma theolojia miaka minne Yerevani.
Nikaenda kuchochea jiko lisilohitaji kuchochewa.

Niliporudi, alikuwa ameinamia karatasi.
Kuna moja umeificha, akasema,
umeifunika kwa kidole gumba.
Kweli. *Mwenyezi. Aliye na uwezo wote.*
Niliificha kwa ajili ya Zaruhi,
mabinti zake wawili, shule ile, Desemba ile,
na ngazi iliyobaki imesimama peke yake
ikipanda kwenda kusikokuwa na ghorofa.
Nikainua gumba.

Akaisoma. Akaangalia dirishani.
Bibi alishafika getini, theluji mabegani,
mkononi mshumaa wa njano wa kuwasha kanisani,
kama kila Ijumaa, miaka yote hii,
hajatuambia anamwambia nini Mungu pale, wala anajibiwa nini.

Nshan hakutafuta ishara.
Alilaza mikono yake mapajani, yote miwili,
viganja juu, vidole vimelegea,
na wale sita, mmoja mmoja, wakafanya vivyo hivyo.
Kwetu tunaosema kwa mikono
hakuna kimya kingine zaidi ya hicho.

Nami nikaiweka karatasi chini,
nikalaza yangu.