Herufi Mia na Hamsini na Tano

Kizuri chajiuza: waliosema hivyo
hawakuwahi kuishi ukurasa wa saba.
Huko ndiko nilikomkuta Leokadia Wrzos,
fundi wa miavuli, Łódź, ua wa pili nyuma ya duka la vifungo,
chini ya mahoteli, chini ya wauza makoti ya plastiki,
chini hata ya marehemu mmoja
ambaye tovuti yake bado inapokea oda.

Nikaipasua tovuti nione matumbo.
Kurasa kumi na mbili, na zote
zina kichwa kimoja: *Ukurasa wa Kwanza*.
Ni kama mama aliyezaa kumi na wawili
akawaita wote Mtoto.
Na huko chini kabisa, herufi nyeupe juu ya weupe,
mpwa wake Kacper alikuwa amepanda
mwavuli mwavuli mwavuli rahisi mwavuli
mara mia mbili na kumi,
akidhani mtambo wa kutafuta ni kiziwi.
Si kiziwi. Unasikia, unakereka, unakusukuma nyuma.

Nilifuta. Kacper akanuna siku mbili.

"Watu wakiingia hapa," nikamwuliza Leokadia, "husemaje?"
Hakuinua macho. Alikuwa na pini mdomoni
na ubavu wa chuma umebanwa kwenye jiliwa.
"Hakuna anayesema *huduma za ukarabati*.
Husema: upepo wa stesheni umeupindua.
Husema: ulikuwa wa mama.
Wengine hawasemi kitu. Wanaulaza mezani
na kuutazama kama mbwa aliyegongwa."

Usiku ule nikakaa na lebo ya maelezo.
Nafasi ni herufi mia na hamsini na tano;
ukizidisha wanakukata, nukta tatu,
na maana yako inabaki nje, inaloa.
Nilihesabu kwa vidole, kama mtunzi na mizani yake,
nikafuta, nikahesabu tena:

*Mwavuli umepinduliwa na upepo? Ulete.
Leokadia Wrzos hunyoosha mbavu na kushona kitambaa,
Łódź, ua wa pili, mlango wa kijani.
Hata ule wa mama.*

Mia na arobaini na tatu, pamoja na nafasi.
Kumi na mbili zilibaki. Nikaziacha zipumue.

Nilimpa ukweli kabla ya kumpa risiti:
maneno haya hayakupandishi ngazi.
Kichwa cha ukurasa kitakusogeza kidogo, labda.
Haya kazi yake ni moja,
kumfanya mtu anayenyeshewa, simu mkononi,
asite mbele ya mlango wako sekunde moja.
"Inatosha," akasema. "Ndani kuna jiko la makaa."

Novemba tulifika ukurasa wa pili,
kisha wa kwanza, nafasi ya sita,
nami nikapanda tramu kwenda kumwonyesha kazi yangu.

Haikuwapo.

Mtambo ulikuwa umeitupa, ukajichagulia wenyewe
mstari uliokaa chini ya saa za kazi,
alioandika miaka mingi nyuma bila kumwuliza mtu:
*Jumatano nafunga saa sita.
Naenda makaburini kwa Ignacy, na hapendi kusubiri.*

Niliona aibu. Halafu, niseme kweli, niliona wivu.
Nikamwambia iko lebo ya kuukataza mtambo usinukuu,
dakika tano tu, naweza kuiweka hapa hapa.
Alikuwa anatafuta uzi wa rangi ya divai.
Hakusema weka, hakusema usiweke.

Kengele ya mlango ikalia.
Mwanamume wa makamo, kutoka Radom, treni mbili,
mwavuli ameuzungushia gazeti.
Hakutaja upepo. Hakutaja mama.
Akajikung'uta mvua, akavua kofia.
"Leo ni Jumanne," akasema. "Nilihakikisha.
Sikutaka Ignacy asubiri."