Kasha la Wawili

Walikuja na mvua ya Keelung mabegani,
dada wawili, mwavuli mmoja,
wakanikuta karakanani, Sanchong,
nikinyoosha mlango wa jokofu la mtu.
Chiao-wen, mkubwa, huchora katuni zinazotembea.
Yu-ling huhesabu pesa, na huhifadhi kila mchoro,
hata ile mibovu. Hasa ile mibovu.
Chumba chao ni kimoja, cha marehemu bibi, na meza moja.
"Tutengenezee kasha," wakasema, "la kompyuta mbili."

Mafahali wawili, zizi moja, nikajisemea.
Lakini mimi Liao ni fundi wa mazizi.

Nikachora kwa chaki sakafuni.
Kubwa chini, dogo juu: kasha linasimama imara,
ila joto halina adabu, hupanda tu;
pumzi ya dada mkubwa itampiga mdogo usoni
mchana kutwa, usiku kucha.
Nikafuta. Dogo chini, kubwa juu:
sasa linayumba kama mbeba ndoo asiye na ngata,
na wana paka, kumbe, anayelala mezani.
Nikafuta. Ubavu kwa ubavu:
upana sentimita arobaini na mbili,
na skrini mbili zimeshaimeza meza,
na printa iende wapi?

"Tia ukuta katikati," akasema Yu-ling.
Nikatia ukuta.
Kimya kikaja, joto likakosa njia.
Nikautoboa. Joto likapita,
na kelele nazo zikapita humo humo.
Tundu halichagui mgeni.

Tukafika kwenye umeme.
Pawa saplai mbili ni uzito, ni nyaya,
ni pesa alizozihesabu Yu-ling kwa vidole
kisha akazihesabu tena.
Moja ni nafuu, nyepesi, feni moja ya kunguruma,
lakini ikizima mmezima wote.
Wakatazamana.
"Moja," akasema mkubwa.
Mdogo hakusema kitu.
Nikaandika moja.

Swichi niliweka mbili, mbele, zilizolingana,
nikajuta: usiku wa kwanza Chiao-wen alibonyeza isiyo yake,
kazi ya mwezi ikiwa katikati ya kunakiliwa.
Wakalirudisha kwa teksi, hawasemezani.
Nikaididimiza ya mdogo kidogo,
kidole kiijue gizani.

Kuna jambo sikuwaeleza.
Pale ukuta unaposhikana na maganda yake mawili,
palipotaka ribiti,
nilitia skrubu. Kumi na nne.
Ribiti hushika na kunyamaza.
Skrubu hulegea unywele mmoja,
na feni kubwa zikishika kasi
kasha zima husaga meno.
Yu-ling alinipigia simu mara tatu juu ya mlio ule.
Chuma kipya, nikamwambia, kitazoea.
Nilimdanganya. Mlio ule ni bei,
na nilikuwa nimeilipa kwa niaba yao
bila kuwauliza.

Mwezi uliopita alikuja peke yake,
jua kali, mwavuli mkononi.
Aliuliza, akiitazama mashine ya kukunjia, si mimi,
kama kasha laweza kukatwa.
Halihitaji kukatwa, nikasema,
nikamweleza skrubu zote, na ya kuanza nayo.
"Na umeme?"
Umeme ni mmoja. Mmoja wenu ataondoka nao,
mwingine atanunua.
Alikaa kwenye kigoda mpaka chai ikapoa.
Kisha akaniomba bisibisi, eti yao imepotea,
nikampa yenye mpini mwekundu, ncha imelika kidogo.

Tangu siku ile simu haijalia.
Si habari, si malalamiko ya mlio.
Sijui kama kasha linasaga meno bado
au kuna meza mbili Keelung.
Bisibisi yangu haijarudi.
Nimenunua nyingine.