Mkalia Ini

Enzi za posa yetu nilikuandikia barua,
karatasi ya mistari, wino wa buluu:
"Kwako, nyongo mkalia ini."
Sikujua ipo siku nitaonyeshwa hilo ini,
kwenye kioo, Bombo, Jumanne, saa nne asubuhi,
dada wa vipimo akikupaka jeli baridi tumboni
na wewe, Singano, ukicheka kwa kutekenywa.

"Mzee, unakunywa?"
"Chai," ukasema. "Chai tu, binti yangu."
Hakuuliza vijiko vingapi.
Mimi nahesabu: vitano, mara vikombe sita,
na soda mbili za usiku pale kwenye ghala,
ukilinda mkonge wa watu uliokauka,
mwenyewe ukinona.

Akatugeuzia kioo. Figo hii, imefifia.
Ini hili, limeng'aa kama tui la kwanza.
Nikasema, "Mbona limependeza?"
"Ndiyo shida yake, mama. Ni mafuta."

Kisha kile kidude akakipandisha shingoni.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Tumbo ni lako; shingo ni yangu,
ndipo ninapolaza uso miaka thelathini na mmoja.
Ukuta wa mshipa, alisema, umenenepa
kidogo tu, kama unene wa ukucha,
na kwenye njiapanda pana bonge limeganda.

"Ya tumboni yamefikaje shingoni?"
Akasema ini ni jiko la mwili.
Likizidiwa na mafuta linayapakulia damu,
na damu haina nyumba isiyoibishia hodi;
kila inapopita inaacha kitu ukutani,
kama kibatari na masizi yake.
Na ini haliumi. Hilo alilirudia mara mbili.

Nilinyamaza hadi Barabara ya Kumi na Tano.
Jiko la mwili. Na jiko la nyumba, je?
Nani alipakua?
Wali wa nazi, bamia za nazi, hata maharage nazi,
kachori za saa kumi, andazi la kusindikizia zamu.
Mkono huu. "Ongeza, mume wangu, mbona hujala?"
Maana mume mwembamba ni aibu ya mke mtaani,
na kitambi chako nilikitembeza Ngamiani
kama kanga mpya.

Sasa tunatoka baada ya swala ya alfajiri,
mimi na raba za mwanetu Mwanakheri,
wewe na kikoi na manung'uniko,
hadi Raskazone, na kurudi.
Daktari amesema mafuta huweza kupungua.
Ya mshipani hakuahidi.

Usiku naweka sikio palepale shingoni.
Du. Du. Du.
Sijui kusoma kinachosemwa, nasikiliza tu.
Barua ile ningeiandika upya:
kaa, mkalia ini, ila usililemee.

Jana uliweka vijiko viwili.
Ukakoroga kwa muda wa vitano.