Ajali Ina Kinga

Mwalimu Shemweta huhesabu kwa vidole:
wajibu, kukiuka, chanzo, madhara.
Vidole vinne, dai limesimama.
Cha gumba hajapata kukitaja.

Darasa letu la jioni liko Chumbageni, ghorofa ya pili,
feni moja inazunguka, nyingine imenuna.
Hapo ndipo nilipofundishwa kwamba ule msemo
ulioandikwa nyuma ya malori ya mkonge,
ajali haina kinga,
mahakamani hauvuki mlango.
"Ina kinga," anasema, na chaki inamvunjikia.
"Kinga yake ni mtu kufikiri kidogo
juu ya mtu asiyemwona."

Sasa nisemeje habari ya mfuniko.

Ilikuwa Jumanne. Ufunguo uliniponyoka
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, mbele ya kwetu,
ukapita kwenye ufa wa zege, ukazama mtaroni.
Nikaazima nondo kwa fundi Kibwana,
nikainua mfuniko, nikaulaza pembeni,
nikaingiza mkono hadi kwapani
katika maji ya watu wote wa mtaa.
Ufunguo nikaupata. Nikauosha kwa sabuni.
Saa kumi na moja kasorobo, na kipindi,
nawaambieni kweli, kilikuwa cha uzembe.
Nikasema mfuniko nitaurudisha nikirudi.
Nilirudi saa tatu, umeme umekatika.

Alfajiri Bi Riziki Mbaruku akatoka na baiskeli,
ndoo ya vitumbua nyuma, kanga kaifunga kiunoni,
kama atokavyo tangu sijazaliwa.
Nilisikia kishindo, kisha ndoo ikibingirika,
kisha sauti yake, wala hakupiga yowe:
"Alhamdulillahi. Vitumbua vimemwagika, roho ipo."
Mguu ulivunjika pawili.

Majirani wakamwinua. Nami nikamwinua.
Nilishika bega la kushoto.
Mtu akachomeka tawi la mwarobaini shimoni
ili wengine waone.
Wakasema ni watoto, ni wauza vyuma chakavu,
ni halmashauri. Bi Riziki akasema ni kudra.
Mimi nilisema, "Pole."

Miezi miwili ikapita, ukaja mtihani. Swali la tatu:
X anaendesha baiskeli gizani. Y ameacha shimo wazi.
Mshauri X.
Sijui Shemweta aliliokota wapi;
Tanga baiskeli ni nyingi kuliko viatu, labda ni hilo tu.
Nikamshauri X kurasa tatu bila kufuta neno.
Y alikuwa na wajibu. Y angeweza kuliona likija.
Y hata tawi hakuchomeka.
Kisha, kwa kuwa alama nazitaka, nikaongeza:
X naye hakuwa na taa. Fidia ipunguzwe robo.

Nilipata A.
Pembeni, kwa wino mwekundu: "Safi sana.
Unamjua Y kama mtu wa nyumbani kwako."

Robo ile ndiyo iliyoninyima usingizi.
Nilikuwa nimemkata Bi Riziki robo ya mguu
kwa sababu dinamo yake ilikufa mwaka juzi
na pesa ya dinamo ilikwenda kwenye unga wa mchele.

Nilimwendea Ijumaa, watu wametoka msikitini.
Yuko mkekani, plasta wajukuu wameichora maua,
anachambua mchele wa vitumbua
ambavyo siku hizi hupikwa na shemejiye.
Nikasema yote. Nikahesabu kwa vidole,
maana sikujua njia nyingine ya kusema:
hiki wajibu, hiki nilikiuka, hiki chanzo,
na hiki, Bi Riziki, ni mguu wako.
Cha gumba kikabaki kimesimama peke yake.
Akautazama mkono wangu
kama mtu anayetazama hina iliyokosewa.
Hakulia. Hakusema amenisamehe.
Akapuliza pumba kwenye ungo, akauliza:

"Na mfuniko, umeurudisha?"

Tawi lilikuwa limekauka likabaki kijiti.
Nondo ilikuwa bado nyuma ya mlango wetu.
Hata hiyo nilikuwa sijamrudishia Kibwana.