Kuhudhuria Si Lazima

Bahasha ilikuja Jumanne, ina mhuri wa tai.
Nilitia sahihi kwa kalamu ya tarishi,
yangu wino ulikuwa umeganda kwa baridi.

Shauri la madai, namba ndefu kama ya simu.
Mdai: Bogumila Sobczak.
Mdaiwa: Leszek Wrona, ghorofa ya tatu.
Januari kumi na nne, saa tatu na dakika arobaini asubuhi.
Na chini kabisa, kwa herufi za kusomea miwani mbili:
kuhudhuria si lazima.

Nikayatazama maneno hayo
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.
Miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha nguo hapa Łódź
kila kitu kilikuwa lazima:
king'ora cha alfajiri, kadi ya kugonga mlangoni,
mikutano ya kupongezwa kwa uzi tuliouzidisha.
Hata kumzika Henryk nilipewa siku mbili na fomu.
Leo serikali hiyo hiyo inaniambia: upendavyo, mama.

Nilimpigia karani. Sauti changa, ina mafua.
Nisipokuja, nitashindwa?
Hapana, jaji ataendelea na karatasi zilizomo.
Nikija, nitasema?
Inategemea.
Inategemea nini?
Akapiga chafya, akaomba radhi, simu ikakatika.

Karatasi zilizomo: picha nne za dari,
risiti ya rangi,
barua zangu mbili ambazo Leszek hakuzijibu.
Lakini picha hainuki plasta iliyolowa.
Picha haisemi kuwa tone hudondoka saa nane za usiku
ndani ya sufuria aliyochemshia maziwa Henryk.
Na karatasi haina miguu. Mimi ninao mmoja na nusu.
Nikaenda.

Mlangoni, orodha ya mashauri imebandikwa kwa utepe:
saa tatu, saa tatu na robo, na dakika ishirini,
watu kumi na mmoja, kila mtu na kipande chake cha asubuhi
kama keki iliyokatwa na mwenye haya.
Zamu yangu ikafika, ikapita. Ikagonga saa tano.
Benchi ni moja. Mwisho wake, kofia magotini,
viatu vimepigwa rangi: Leszek Wrona.

Wewe nawe walikuandikia si lazima?
Waliniandikia.
Mbona umekuja?
Akaigeuza kofia, akaigeuza tena.
Niliogopa utanisema peke yako.

Ndani, dakika sita.
Jaji, rika la binti yangu, aliuliza bomba ni la nani.
Hakuna aliyejua. Aitwe fundi, akasema; aitwe chama cha nyumba.
Shauri limeahirishwa.
Basi leo jina langu limetajwa.
Kusikilizwa, bado.

Bahasha ya pili: Machi tatu, chumba kile kile.
Chini, herufi zile zile ndogo:
kuhudhuria ni lazima.
Ajabu ya moyo, sasa ndipo sitaki kwenda.

Jioni mlango ukagongwa. Leszek, bahasha mkononi,
yake nayo imeandikwa vivyo hivyo.
Akainua macho darini. Mara ya kwanza.
Akakaa kimya mpaka tone likadondoka.
Sikumwambia avue koti.
Akalivua,
akauliza ufunguo wa spana naweka wapi.